Mguu wa Kushoto wa Mtani Wangu

Nina ulimi mwepesi. Mama alikuwa akisema ulimi huu utaniponza, na alikosea kidogo tu, kwa sababu ulimponza mtu mwingine.

Miaka ile ya sabini nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali ndogo ya upande wa Mpanda. Sitaitaja, maana kosa halikuwa la hospitali. Wodini kwangu aliletwa mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha Mamba, mzee wa miaka sitini hivi, mnene, aliyeanguka kutoka juu ya lori la magunia akavunjika nyonga. Dawa ya nyonga siku hizo ilikuwa kulala chali wiki sita. Aliposikia lafudhi yangu aliuliza kabila langu, nikamwambia Mnyamwezi.

"Kumbe mtani!" akasema, akapiga makofi. "Mimi Mpimbwe. Wamekutuma uje unimalize?"

"Nimetumwa nikunyime chakula kwanza," nikamjibu. Wodi nzima ikacheka, na mimi nikajiona mtu.

Daktari wetu hakuwa mtu wa kucheka. Alinivuta pembeni akaniuliza maswali, nami nikajibu moja moja. Umri? Mkubwa. Mwili? Mzito. Mfupa uliovunjika? Nyonga. Atalala siku ngapi? Nyingi. Aliwahi kuvimba mguu? Aliwahi, mwaka wa nyuma. Daktari akasema mzee ana sababu zote za kuganda damu. Damu isiyotembea, alinieleza, huganda ndani ya mishipa ya mguu, na kipande kikikatika hupanda hadi kwenye mapafu na kumuua mtu mchana kweupe. Akanipa futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi nipime vigimbi vyote viwili, niandike, na mzee achezeshe nyayo kama anayekanyaga cherehani. Mguu mmoja ukiuzidi mwenzake kwa sentimita tatu, nimwite hata kama yuko kanisani. Sindano za kuzuia damu isigande zilikuwepo, chache, amezifungia kabatini.

Siku ya kwanza nilimchora alama kwa dawa ya zambarau chini ya kila goti, nikazungusha futi. Thelathini na nne kulia, thelathini na nne kushoto.

"Unanipimia suruali au sanda?" akauliza.

"Suruali. Nani atakuoa bila suruali?"

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikiingia tu na futi shingoni, wagonjwa wanainuka vitandani kusikiliza. Tulitukanana hadi machozi yakatutoka, na muda ukawa unakwisha kabla sijamfunua miguu. Wiki ya pili, asubuhi moja nilicheleweshwa na kuogesha wagonjwa wengine, nikaandika 34 na 34 kama jana yake. Kesho yake nikafanya hivyo hivyo, na safari hii sikuwa nimechelewa. Naona haya kuliandika hili hata leo, na mikono yenyewe imezeeka.

Siku chache baadaye aliniita kabla sijafika kitandani kwake.

"We Mnyamwezi, mguu huu wa kushoto umenenepa. Wali wote wa mke wangu unakwenda huko."

"Nyie Wapimbwe mnakula mpaka miguu inashiba," nikasema.

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Yeye naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, na mkono wake ulibaki juu ya paja. Niliuona mkono ule. Nikachukua karatasi yake nikaandika 34, 34.

Siku ya pili yake, saa tatu asubuhi, nilikuwa namwosha mgongo. Alikohoa, akashika kifua, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Daktari alifika mbio na haikusaidia; mzee alikata roho. Baadaye daktari alifunua shuka, akaichukua futi shingoni mwangu, akapima mwenyewe. Mguu wa kushoto ulikuwa thelathini na tisa. Akasoma karatasi, mstari kwa mstari.

"Jana ulipima?"

"Nilipima."

"Na leo?"

"Nilipima, daktari."

Alinirudishia futi. "Basi mguu umevimba ghafla," akasema, akaenda zake. Hakuwa mjinga. Nadhani alinihurumia, na huruma ile ilinichoma kuliko kofi.

Mjane wa mzee, aliyekuwa akimpikia nyuma ya wodi muda wote ule, alisema mtani lazima azike. Nikapanda lori pamoja na maiti hadi Mamba, sare mwilini, futi mfukoni. Padri alipomaliza sala na kaburi kufukiwa, watu wakanigeukia. Nyie mnajua kazi ya mtani msibani: kuwachekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, kuwatoa kwenye kilio. Mimi nilikuwa nimesimama nimeinamisha kichwa.

"Mtani, mbona kimya?" mjane akasema. "Alikuwa akiniambia mambo yako kila jioni. Sema kitu, tupumue."

Nikaona hapa ndipo pa kusema, mbele ya wenye mtu wao.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikasema. "Nilipewa futi nimpime miguu, sikumpima. Aliniambia mguu umevimba, nikamcheka."

Watu wakatazamana. Kisha akina mama wakaangua kicheko. Mtu nyuma akapaza sauti, "Mnyamwezi amekiri! Mkamateni!" Nikasema ni kweli, nawaapia ni kweli, nikaitoa futi mfukoni niwaonyeshe, na kila nilivyoapa ndivyo walivyozidi kujishika mbavu. Mjane alicheka huku machozi yakimtiririka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu asubuhi ile, na sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya kicheko kile.

Akaichukua futi mkononi mwangu. "Na yeye apimwe," akasema.

Wakanisimamisha kando ya kaburi. Mjane alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akapandisha sare yangu hadi magotini, akazungusha futi polepole kwenye kigimbi cha kulia, akaikaza, akaisoma kwa sauti. Kisha akahamia cha kushoto, akafanya vile vile, bila haraka, kama nilivyofundishwa mimi.