Agosti Iliyobandikwa Ukutani

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Shule iliyonibakia ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa letu, kando ya Ziwa Nyasa, chenye marundo ya gazeti moja la kila mwezi. Mwalimu mstaafu aliyekitunza aliniruhusu kusoma, mradi nifagie.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mwenye mtaji kidogo alitafuta chumba cha duka. Kamati ya kanisa ikakitolea macho hicho chetu. Mwenyekiti alimwambia mwalimu, "Haya ni makaratasi tu. Jumapili niletee mwaka mmoja mzima, umeshonwa kitabu. Ukishindwa, kina mama wa sokoni watayafungia dagaa wao wa usipa."

Kushona tulijua. Tulitoboa kwa msumari, tukapitisha uzi wa nyavu, mgongo tukaupaka gundi ya unga wa muhogo. Shida ilikuwa mapengo. Watu waliazima, hawakurudisha. Mwaka uliokaribia kutimia ulikosa Agosti.

Mimi huona haya kuongea na watu, lakini nilipita nyumba kwa nyumba nikiiulizia. Niliikuta kwa bibi jirani. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na kwetu chumba cha bibi harusi hubandikwa magazeti ukutani kwanza. Agosti ilikuwa ukutani juu ya kitanda, imetandazwa kurasa zote, kwa gundi ileile ya muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa, au kuchungulia chumba cha watu?"

Nilionyesha ukuta.

"Karatasi hiyo? Subiri harusi ipite, utabandua mpaka uchoke."

"Kamati inakaa kesho, bibi. Watatufungia chumba."

Machozi yakanitoka. Akaacha kucheka, akaniletea maji na kitambaa. "Haya, bandua. Hapo nitatundika kanga."

Nililowesha polepole. Ukuta ulikuwa wa udongo, na karatasi ilimegeka vidoleni kama ugali wa jana. Nilirudi kwa mwalimu na kichwa cha gazeti na vipande vyenye matope.

Alivitazama, akavifuta, akaviweka kando. Mahali pa Agosti akashona karatasi tupu. "Ikipatikana nyingine, tutaibandika hapa," alisema, bila kuniangalia.

Jumapili mwenyekiti alifungua kitabu, akapekua hadi kwenye weupe wa Agosti.

"Mwalimu, huu ndio mwaka mzima?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nikijua la kusema: miezi mingine yote ilikuwamo, na ilisomeka. Mdomo haukufunguka. Kitabu kikafungwa.

Chumba kilipokwisha kuwa duka, mama alinituma usipa sokoni. Nilipoufungua nyumbani, niliona pembeni mwa karatasi uliyofungiwa mstari wa matundu ya msumari wetu. Niliianika juani, nikaisoma taratibu hadi mwisho wa ukurasa, pale habari ilipokatika.