Siku Nilipotoka Ukumbini Polepole

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Nimeona mlima ukitema moto upande wa Goma na watu wakimiminika mpakani na magodoro kichwani, na kesho yake nikauza viazi kama kawaida, tena kwa bei nzuri, maana watu waliokimbia nao wanakula. Nimeona mpaka ukifungwa nikiwa na lori limejaa, na viazi vikaanza kutoa maji. Darasa la nne niliacha, kule Masisi, Kongo, kwa sababu mwalimu hakuwa na cha kunifundisha tena. Nilivuka mpaka nikafika Gisenyi, Rwanda, na shati moja. Leo nina maghala mawili, lori langu mwenyewe, na nyumba ya ghorofa Rugerero ambayo watu wa ofisini wakipita juu ya pikipiki wanageuza shingo. Sikusaidiwa na mutu.

Kila nilicho nacho nilikipata kwa njia moja, na sioni aibu kuieleza, kwa sababu hata nikiieleza si kila mtu ataiweza. Ukiona mali unayoitaka, kwanza unaidharau. Unaisukuma kwa mguu, unanusa, unakunja uso. Unauliza bei kama mtu anayeuliza saa. Ukitajiwa bei unacheka kidogo, halafu unaondoka. Biashara inaanzia hapo, kwenye kuondoka. Unaenda polepole, lakini si polepole sana, na hugeuki nyuma hata ukisikia umekanyagwa. Muuzaji atakuita. "We papa, rudi tusemezane." Lori langu nililinunua hivyo. Kiwanja cha Rugerero nilikinunua hivyo: mwenye nacho alinikimbilia hadi barabarani na kandambili mguu mmoja. Hata siku ya kumposa mke wangu, wajomba zangu waliinuka vitini wakafika mlangoni, wakaitwa warudi, na ng'ombe wakapungua.

Binti yangu mkubwa hakuchukua njia hiyo. Yeye alichukua kusoma. Tangu akiwa mdogo alikuwa anatoa kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa za mama yake, zile za presha, anakisoma chote, halafu anamwambia mama yake asile hiki, asinywe zile pamoja na hizi. Mimi dawa za mke wangu nilizijua kwa rangi tu. Alipomaliza sekondari alama zake zilitoka juu, na akasema anataka famasia. Hakuna kingine. Nilimwuliza kama duka la dawa lina faida, akasema hakufikiria duka, anataka kujua dawa inafanya nini mwilini. Bon, nikasema, faida nitaifikiria mimi.

Chuo kimoja cha Kigali kikatuma watu wake hapa Gisenyi, Jumamosi moja mchana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, kwenye ukumbi ulio karibu na ziwa. Wangejibu maswali ya wanaotaka kuingia, na kuandikisha watu hapo hapo. Binti yangu alinieleza zaidi ya mara moja: famasia wanachukua wachache kwa sababu maabara ni ndogo, na anayelipa ada ya kujiandikisha siku hiyo ndiye anayepata nafasi. Nilimsikia vizuri. Lakini mimi ni mtu wa soko. Sijawahi kukutana na muuzaji ambaye mali yake haikaribii kwisha.

Nilivaa koti la suti. Pesa niliweka mfuko wa ndani, za mwaka mzima.

Ukumbi ulijaa. Wazazi wengine walikuja na buti zenye tope la umuganda, watoto wao wamekaa wima kama wanapigwa picha. Mkubwa wa wale watu wa chuo alikuwa bwana mwembamba aliyekulia Tanzania; alijibu kwa Kinyarwanda, kwa Kiingereza, na aliyeuliza kwa Kiswahili kama mimi alijibiwa kwa Kiswahili kilichonyooka hadi unaona haya kufungua kinywa. Mmoja aliuliza kama aliyesoma hesabu na uchumi anaweza kuingia famasia. Hawezi, lazima biolojia na kemia. Mwingine aliuliza akifeli somo moja inakuwaje. Analirudia, na analilipia tena. Mama mmoja aliuliza hosteli ya wasichana inafungwa saa ngapi, watu wakacheka, yeye hakucheka, akarudia swali. Wakauliza maji, chakula, kama mtu anaweza kufanya kazi jioni na kusoma mchana.

Na yule bwana alijibu ukweli mtupu. Alisema maji ghorofa ya juu yanakatika siku nyingine. Alisema hosteli iko mbali na madarasa, na wa mwaka wa kwanza wengi wanalia kwa sababu ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Muuzaji anatoa kasoro za mali yake mwenyewe mbele ya wanunuzi! Nikajua nitamshusha.

Binti yangu aliinua mkono akauliza kitu kimoja tu: wanaanza lini kuingia hospitali na kuona wagonjwa. Mwaka wa pili, akajibiwa. Akatabasamu meno yote nje. Nilimkanyaga mguu chini ya kiti. Mali unayoitaka huitabasamii.

Maswali yakaisha, foleni ikaanza. Mbele yetu baba mmoja wa ofisini, mwenye miwani, alitajiwa ada, akatoa simu, akalipa, akaondoka na mtoto wake bila kufungua kinywa. Nilimsikitikia. Mshahara kila mwezi na hajui kununua. Ikafika zamu yetu. Fomu ya binti yangu ilishajazwa. Ilibaki pesa tu. Aliiweka mezani na mikono miwili.

"Nikilipa mwaka mzima leo, mkononi, unanipunguzia ngapi?" nikamwuliza yule bwana.

"Ada haina punguzo, mzee wangu. Na leo tunapokea ya kujiandikisha tu."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia maji yenyewe hayapandi ghorofani, ameyasema kwa kinywa chake. Nikamwambia hosteli iko mbali, na kwamba hapo ng'ambo Goma, mwendo wa miguu, vyuo iko vingi kwa nusu ya bei hiyo.

"Vipo, mzee," akasema. "Na vingine ni vizuri."

Hakukasirika. Mtu asipokasirika, na wewe huna pa kushika. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na jambo hili ukilianza unalimaliza. Nikasema basi mtoto wangu chuo hiki hakitaki, nikaichukua fomu mezani, nikaanza kuondoka.

Binti yangu alibaki amesimama, mikono bado pale fomu ilipokuwa. Nikamshika mkono wa sweta. Tukatoka katikati ya viti, polepole, si polepole sana. Sikugeuka. Masikio yangu yalikuwa nyuma yote mawili. Tukafika mlangoni. Tukavuka mlango.

Nje ziwa lilikuwa la kijivu na mawingu yameshuka upande wa Goma. Nikasimama kwa mwanamke anayeuza karanga nikanunua karanga ambazo sikuzitaka, ili mtu akitoka kutuita asitukose. Nikazila moja moja. Binti yangu hakuchukua hata moja. Kupitia madirisha tulisikia wanavyoita: anayefuata, anayefuata.

"Papa, hawatuiti," akasema.

"Watatuita, mama. Ngoja."

"Pale si sokoni."

"Kila mahali ni soko. We uko bado mutoto."

Aliangalia mlango, na mimi nilijifanya naangalia ziwa. Mvua ikaanza kunyunya, ile nyepesi ambayo haikulazimishi kukimbia lakini inakulowesha. Yule mwanamke akafunika karanga zake kwa nailoni. Watu walianza kutoka ukumbini wawili wawili, mzazi na mtoto, na karatasi zenye mhuri wamezificha chini ya nguo zisilowe. Hapo nikasema turudi ndani, twende tukajikinge mvua.

Yule bwana alikuwa anapanga fomu. Alinitambua. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefikiria vizuri, kwamba haya, nitalipa hiyo bei yake.

"Famasia imejaa, mzee. Samahani sana."

"Nitaongeza," nikasema, na nikatoa pesa mfuko wa ndani nikaziweka mezani. Zilikuwa nyingi. Zilikuwa zimefungwa kwa mpira kama tunavyofunga sisi. "Sema wewe. Bei yoyote."

Wazazi waliobaki waligeuka. Yule bwana aliangalia chini, si kwenye pesa, chini kabisa kwenye sakafu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga.

"Mzee wangu, tafadhali, zirudishe mfukoni."

Halafu akanigeuzia bega na kusema na binti yangu. Alimwambia kuna awamu nyingine baada ya miezi sita, na kwamba masomo mengine yote bado yako wazi kama hataki kusubiri. Binti yangu akamwuliza kitu kwa Kiingereza. Swali refu. Naye akajibu kirefu, kwa upole, na akitikisa kichwa mara kwa mara. Mimi nilisimama kati yao nikifunga mpira wangu. Mpaka leo sijui aliuliza nini.

Nyumbani hakulia mbele yangu, wala hakunijibu vibaya. Ningependa angenijibu vibaya. Alinipa chakula, akanisalimu asubuhi, akaniitikia nikimwita. Aliacha tu kunieleza mambo. Zamani nilikuwa namwambia anyamaze kidogo nisikilize redio. Sasa redio ilikuwa inasikika vizuri sana.

Baada ya muda akapata kazi soko la Mahoko, kwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Anatoka kabla sijaamka, anarudi na vumbi la soko kwenye viatu. Watu wakiniuliza mbona mtoto mwenye alama zile anakaa kibandani, nilijibu kwamba anajifunza biashara, anafuata nyayo zangu. Wengine walikubali. Nilimwona siku moja nikishusha viazi huko. Mtu alikuwa anambishia makato, na yeye akamgeuzia simu amwonyeshe, makato ni hayo, akangoja. Yule mtu akalipa. Sikushuka kwenye lori kumsalimu. Nilikuwa na haraka, na sijui pia kama angependa.

Nilimwambia mke wangu kwamba awamu ile nyingine ikifika waniambie mapema, nitalipa mwaka mzima, na siku hiyo nitanyamaza. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Tunajua pesa uko nayo," akasema.

Akabeba maharage yake jikoni.

Jumapili moja jioni nilirudi nikakuta begi sebuleni, na godoro jipya limekunjwa na kufungwa kamba. Nikauliza nani anasafiri. Binti yangu alitoka jikoni anafuta mikono. Akasema masomo yanaanza, anaenda asubuhi. Famasia. Alijiandikisha kwa simu siku ya kwanza ya awamu, akiwa pale pale kibandani. Muhula wa kwanza umeshalipwa: mama yake alipokea zamu yake ya kimina, ile michango ya wanawake wa kanisani inayozunguka, na yeye akajazia mshahara wa Mahoko.

Nilikaa kwenye mkono wa kiti. Nyumba ya ghorofa, maghala mawili, na mke wangu ametoa pesa za kimina.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Binti yangu aliangalia godoro, halafu akaniangalia mimi. Si kwa ubaya. Ana macho ya mama yangu.

"Niliogopa utaondoka tena, Papa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Asubuhi nilibeba godoro mwenyewe hadi kituo cha mabasi, begani. Wanaonijua walinisalimu wakiuliza kulikoni, mzee mzima anabeba kama kuli, nikasema binti yangu anaenda chuo kikuu Kigali, na nilisema kwa sauti. Mama yake alimshikia begi. Mbele ya dirisha la tiketi nikaingiza mkono mfuko wa ndani. Binti yangu alifikiria kidogo, nikamwona anavyofikiria, halafu akasema, "Haya. Tiketi unaweza kulipa."

Msichana wa dirishani akataja bei, elfu nne mia nane na arobaini. Nikahesabu, nikampa. Chenji akaisukuma, nikaichukua. Binti yangu akapanda, akakaa upande wa pili, ule usioelekea kwetu, au labda ndiyo nafasi aliyopewa. Basi likapanda barabara ya Mahoko, mvua ikaanza, mke wangu akasema twende.

Sasa Rugerero wananiuliza, kwa heshima, chuo cha famasia kinagharimu ngapi, maana wanajua mtu kama mimi halipi kidogo. Nawaambia ni ghali. Na ni kweli ni ghali, mke wangu yuko mzunguko wa pili wa kimina na nikimwambia nisaidie ananiambia hela zimetosha. Mimi, tangu mwanzo hadi leo, kimenigharimu faranga elfu nne mia nane na arobaini.