Sauti ya Apolinaria

Tangu afiwe na mkewe, Kasimiri, mtunza bustani wa chuo kimoja cha uuguzi mjini Tabora, alipalilia hata mahali pasipo na jani. Alichelewa makusudi kurudi nyumbani kwake Ipuli. Zablon, mwanawe wa pekee, yuko Dar na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Nyumba ilimshinda kwa ukimya, tusizungukezunguke.

Marehemu Apolinaria alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia. Chuo kilipoleta miwani ya mafunzo, ile ukiivaa unajiona uko wodini na mgonjwa mbele yako, kumbe umesimama darasani, yeye ndiye aliyeombwa kurekodiwa akimsemea mgonjwa. Jioni alirudi akijitapa kwamba ameugua presha bila kumeza hata kidonge. Mwaka uliofuata ikamshika kweli, mumewe akiwa Ziba kununua ng'ombe. Kasimiri alirudi akakuta turubai la msiba limeshafungwa uani. Hawakuagana, na hilo ndilo lililomkaba.

Mwishowe akamfuata Mwalimu Koleta, aliyefundishia kwa miwani ile. "Mwalimu, nivalishe na mimi. Nataka nimuage mke wangu."

Koleta hakucheka. Akamvalisha.

Kitandani aliketi mama mnene asiyemjua kabisa. Waliomchora hawakujisumbua kuuliza Apolinaria alifananaje.

"Mama Zablon," akaita. "Ni mimi."

Yule mama akapepesa macho tu. Kasimiri aliumia, akanung'unika: hata huku kaninunia!

"Hajanuna, baba," Koleta akasema. "Ametengenezwa hivyo, hamjibu asiyemwamkia. Mwambie shikamoo, kama wanafunzi."

Mume amwamkie mkewe! Yeye aliyezoea kuamkiwa na mke huyohuyo kila alfajiri, kabla hata hajashusha miguu kitandani! Alisimama pale akihema, aibu na hamu vikigombana kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya Apolinaria hasa, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema. "Mbona leo umekuja peke yako?"

Maneno yote ya kuaga aliyoyaandaa yakampotea.

"Niko peke yangu," akasema, machozi yakijaa ndani ya miwani. "Nimebaki peke yangu, mama."

"Haya, nipime basi," Apolinaria akamwambia, akimnyooshea mkono.

Kasimiri akaudaka ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akashika hewa.