Namba 64 Haina Jina

Admin, nifichie jina. Ngara ni ndogo, na mke wangu anawafuatilia ninyi kuliko anavyonifuatilia mimi.

Ndugu wananchi, natangaza rasmi: mimi, mkulima wa migomba wa Kasulo, miaka hamsini na mitatu, kitambi kimoja, miwani iliyofungwa uzi, nimefaulu kuweka namba kwenye mistari kwa kutumia mtandao. Shangilieni. Nilikuwa nachapa majina kwenye simu kutoka daftari langu la zamani, namba naziandika moja moja, binti yangu akanicheka: "Baba, utamaliza Krismasi! Bandika majina hapa, bonyeza hapa." Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua namba zikajipanga zenyewe, 1 hadi 118. Daftari linaishia 119. "Umeruka mstari, baba." Nikamwambia macho yamezeeka. Nilimdanganya.

Daftari hilo ni la kambi ya Benaco, mwaka ule wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda. Nilikuwa kijana, nikapewa kazi ya kuandika watoto waliopotezana na wazazi. Kila asubuhi nilijaza namba pembeni mwa kurasa kabla sijaita mtoto hata mmoja. Mtoto akija naandika jina, namfunga mkononi kikaratasi chenye namba yake. Uvivu huo nikauita utaalamu.

Orodha nimeichapa kwa sababu kuna mama amenipigia simu. "Shikamoo baba. Mimi nilikuwa namba 63. Nyuma yangu alisimama mdogo wangu wa kike. Nikapelekwa hema la wagonjwa, niliporudi hayupo. Nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unaandika." Anaamini mdogo wake alikufa kwa kuhara kabla hajaandikwa. Anataka mtu amthibitishie tu, apumzike. Na kwao, kama kwetu Wahangaza, kila mtoto ana jina lake peke yake, hakuna la ukoo la kuonyesha nani ndugu wa nani. Nikimpa orodha ya mtandao, 64 itakuwa na mtoto mwingine, hakuna pengo. Atalia, ataondoka. Nikimpa daftari, ataona 64 na mstari uliokwanguliwa kwa wembe. Leo ametuma ujumbe: amefika Kahama. Chai imenishinda kunywa.

Ukweli ni huu. Mtoto nilimwandika. Alikuwa wa miaka kama minne. Akaja mwanaume mmoja, viatu safi wakati kila mtu ana matope hadi magotini, akasema, "Huyu ni wa dada yangu." Utaratibu ulikuwa mtoto aulizwe kama anamjua, na jirani wa kwao ashuhudie kwa sahihi. Sikuuliza. Nikasema, "Haya bwana, mchukue, tupunguze foleni." Mtoto akashika mguu wa meza yangu kwa mikono miwili. Halii, ananitazama tu. Vidole vyake nilivibandua mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Baadaye msimamizi alipoanza kukagua sahihi za mashahidi, nikaogopa kufukuzwa, nikakwangua jina. Hakuna aliyenitisha wala kunilazimisha. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na njaa, basi.

Mama huyu anashuka stendi kesho saa nne. Nishaurini, jamani: nimwambie mdogo wake alikufa, au nimwambie nilimpa mtu nisiyemjua?