Nilivyokwenda Johannesburg Kumwona Mtu Akikasirika

Aliyenituma ni dada yangu Nasimiyu. Binti yake wa pekee, Nekesa, yuko Johannesburg mwaka wa sita sasa akifanya kazi ya benki, na mwaka huu alimpigia mama yake simu kumwambia amepata mchumba, Mwayalandi, jina lake Kieran. Dada akasikia "karani". Kwa wiki mbili mtaa wetu wote wa Kitale ukajua kwamba Nekesa anaolewa na karani, na jirani mmoja akaja kuuliza ni wa ofisi gani, labda angemsaidia kijana wake. Nilipomweleza dada kwamba hilo ni jina tu, na mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, hakucheka.

"Nenda ukamwone," akaniambia. "Wewe ndiye mjomba, bila neno lako hakuna kikao cha posa. Ila usiniletee habari za adabu. Adabu hata baba yake Nekesa alikuwa nayo. Nataka umwone akikasirika."

Baba yake Nekesa huwa hatumtaji sana. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole mbele za watu. Dada aliishi naye miaka tisa, kisha akarudi nyumbani na mtoto na mkono uliofungwa bandeji. Kwa hiyo sikubisha.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi kwenda Nairobi, nikalala kwa rafiki, na Jumamosi asubuhi nikaingia kwenye ndege. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikuwa nawaza namna ya kumkasirisha mtu ambaye sijamkosea na ambaye nitakula chakula chake. Siku nilizopewa zilikuwa tatu tu, na mgeni ni mgeni, hata mwizi humchekea.

Jumamosi mchana tulitua. Nilikuwa nimeambiwa Julai huko ni baridi, nikabeba sweta moja kwa dharau. Mlangoni baridi kavu ikanipiga masikio. Nekesa alinikumbatia, na nyuma yake akasimama kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya kutu, ameshika koti zito alilonibebea mimi.

"Jambo, mzee," akasema akinipa mikono miwili. "Minafurahi kukuona."

Nilimgeukia Nekesa. "Hiki ni Kiswahili cha wapi?"

"Usinilaumu, mjomba! Kafundishwa na Papa Kasongo, fundi cherehani wa mtaa wa Rosettenville. Ni Kiswahili cha Lubumbashi, kwao Kongo."

Garini, tukielekea Turffontein anakoishi Nekesa, nilipata habari iliyonipa moyo. Kesho yake ilikuwa fainali kule Ayalandi, ya mpira wao wa Kigaeli, kati ya kaunti ya Kieran na kaunti jirani. Mimi kwa neno kaunti niko nyumbani, nikauliza gavana wake ni nani. Kieran akasema hawana gavana. Kaunti bila gavana! Nilitaka kuuliza nani hula pesa za barabara, nikajizuia.

"Ukitaka kumwona Kieran amerukwa na akili," Nekesa akasema akicheka, "njoo kesho ukumbini wanakotazama mchezo. Wale jirani wao hawawezi kuwaona hata kwa picha."

Nikashukuru kimoyomoyo. Kazi yangu ilikuwa imefanywa na wengine.

Jumapili asubuhi, hata hivyo, nilijaribu kidogo kwa juhudi zangu. Nilikawia kuoga tukachelewa kanisani. Nikakataa viazi alivyopika mwenyewe. Nikamwambia gari lake linanuka mbwa. Kila mara akajibu, "Sawa, mzee," akafungua dirisha. Nikaona haya, maana viazi vilikuwa vizuri, na baadaye nilivila kwa siri.

Saa kumi na nusu alasiri tulikuwa katika ukumbi wa kanisa Rosettenville. Wayalandi walikuwa kama kumi na watano, wengi wamevaa njano ya kaunti ya Kieran na wanne wamevaa bluu ya jirani. Waliobaki walikuwa Wakongo waliomaliza ibada wakasubiri chakula. Papa Kasongo, mwenye ufunguo wa ukumbi, mzee mfupi wa suti iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, alinikalisha karibu naye mbele ya ukuta uliorushiwa picha za mchezo.

Mchezo wenyewe ni vurugu tamu. Wanakamata kwa mikono, wanapiga kwa miguu, wanakimbia kama wanaofukuzwa. Goli lao lina wavu chini, na nguzo mbili zimeendelea kwenda juu mbinguni. Dakika ya tatu mtu wa njano akapiga, mpira ukapaa juu ya mwamba. Mimi ni mtu wa mpira tangu utoto, najua maumivu ya mpira uliopaa. Watu wakapiga kelele. Nikamshika Kieran bega.

"Pole, mwanangu. Walikuwa karibu sana."

Akanitazama kidogo. "Asante, mjomba."

Ukapaa tena. "Pole sana," nikamwambia. "Huyo afundishwe kuinamisha kifua." Akanishukuru tena kwa mikono miwili. Mara ya tano nilimwambia asikate tamaa, kushindwa ni sehemu ya mchezo.

Wakati wa mapumziko Papa Kasongo alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika.

"Mzee, unamupa mutoto pole ya nini? Kama mupira inapita juu, haiko kukosa. Iko point moya! Mu wavu njo tatu. Bale ba njano banaongoza!"

Ardhi ingefunguka ningeingia. Nusu saa nzima nilikuwa namfariji mtu anayeshinda, naye hakunisahihisha, alinipokea tu. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Hapana, mjomba. Ilikuwa muzuri sana." Nikaanza kumpenda pale pale, jambo ambalo halikuwa katika maagizo yangu.

Kipindi cha pili wale wa bluu wakarudi polepole, moja moja, hadi wakawa sare. Zilibaki sekunde. Mtu wa bluu akasimama mbali kabisa, karibu na mstari wa pembeni, akapiga. Safari hii nilijua kuuogopa mpira unaopaa. Ukapita juu ya mwamba katikati ya nguzo, na filimbi ikalia.

Kieran akapiga meza kofi. Pwaa! Vikombe vikaruka, kimoja kikaanguka kikavunjika. Akatamka neno la kwao ambalo halikuhitaji tafsiri, akatoka nje kwenye baridi bila koti.

Nekesa alikuwa pale mezani akipakua wali. "Kieran, vikombe ni vya kanisa," aliuambia mgongo wake, akampa Papa Kasongo sahani yake. Baada ya robo saa kijana akarudi na ufagio, akazoa vipande, akawapa mkono wale wanne wa bluu huku uso umemwiva. Tukirudi, tuliposimama kwenye robot ya Turffontein, ndivyo waitavyo taa za barabarani, akanigeukia.

"Samahani, mjomba. Leo minakasirika sana."

Jumatatu Papa Kasongo alinitembeza Jeppestown kununua zipu na vifungo. Alizungumza njia nzima, mimi nikiitikia tu. Lile kofi lilikuwa bado linalia masikioni. Ningemwambia nini dada? Nikilificha, nimemsaliti. Nikilisema, nimemsaliti Nekesa, ambaye hakuniomba lolote, ila uwanja wa ndege Jumanne alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatano jioni nilifika Kitale. Dada hakuningoja nivue viatu, nami nikamweleza yote kama yalivyokuwa, koti, viazi, kofi la meza na kikombe kilichovunjika. Alinisikiliza akitazama sakafu.

"Nekesa alikuwa wapi?" akauliza.

"Hapo hapo mezani, anapakua wali."

"Meza ilipopigwa akafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alisema vikombe ni vya kanisa, akaendelea kupakua."

"Wali haukumwagika?"

Nikafikiri vizuri. "Hata punje."

Nimesafiri mbali kumchunguza mwanamume, dakika zote macho yangu yakiwa kwake, na jibu lilikuwa katika mkono wa binti aliyesimama pembeni. Nililibeba mpaka Kitale bila kujua nimebeba nini. Hilo ndilo nililojifunza, na ilibidi nifundishwe nyumbani.

Dada alikuwa analia, lakini uso wake uling'aa kwa furaha.

"Miaka tisa," akasema, "mlango ukijifunga tu kwa upepo, mimi naangusha sahani. Waambie waje."