Dawa Iliyoitwa Paliativu

Harufu ya ubani hunitoa machozi hadi leo, na wenzangu hunishangaa, maana kwao ubani ni harusi, ni maulidi, ni nguo za Idi zinazofukizwa kabla ya kuvaliwa. Kwangu mimi ubani ni chumba chetu cha Kariakoo, pazia limeshushwa mchana kweupe, na chetezo kinafuka karibu na kitanda cha mama. Ulichomwa asubuhi, ukachomwa adhuhuri, ukachomwa tena jioni. Nilikuwa na miaka kumi, nikidhani tunauchoma kwa sababu mama anaupenda. Sikujua kwamba ugonjwa wake ulikuwa na harufu, na kwamba yeye mwenyewe, mwanamke aliyenikataza kupanda kitandani na miguu isiyooshwa, alikuwa akiionea haya harufu hiyo kuliko alivyokuwa akiyaogopa maumivu.

Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye korido ndefu na ua wa saruji nyuma, ambako wapangaji wote tulifua, tulipika na kugombana. Baba alikuwa na meza ya mashati ya mtumba Mchikichini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, na aliyajua maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa vifuani mwa mashati yake, ingawa maana zake alizibuni. Shati likiandikwa neno asilolijua, alimwambia mteja kwamba ni jina la chuo kikuu. Mama alikuwa kinyume chake. Alisema kidogo, na alichokisema kilikuwa kimekwisha pimwa.

Saratani ilimwanzia kizazini. Tulipoanza kuambiwa jina lake, ilikuwa tayari imekwisha kutambaa. Mama mdogo Rukia, mdogo wake wa tumbo moja, alitoka Kilwa akaja kumuuguza, akalala sakafuni pembeni ya kitanda chake, mkono mmoja umeshika upindo wa shuka ili asikie akijigeuza.

Siku ninayotaka kuwasimulia walikwenda hospitali wote watatu. Baba aliachwa kwenye benchi la nje, kwa kuwa ndani walikuwa wanawake tu. Mama mdogo ndiye aliyeingia na mama kwa daktari. Waliporudi nyumbani mama alikuwa amechoka mno hata viatu alivuliwa. Walikuja na chupa ya dawa ya maji, ambayo mama mdogo aliiweka kwenye kistuli. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Daktari kasema nini, Mama Mwaju? Maana njia nzima kimya."

Mama alimtazama dadake mdogo, kisha akamtazama baba. "Kasema mionzi basi. Sasa ni paliativu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo tiba iliyobaki," akajibu, akajigeuza ukutani.

Uso wa baba ukafunguka. Tiba imebaki! Alitoka chumbani akilirudia neno lile polepole ili lisimponyoke, paliativu, paliativu, na kabla ya magharibi korido nzima ilikuwa imelisikia. Mama Pendo, jirani yetu kutoka Songea, alisema anadhani ni sindano ya Ujerumani. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alisema amewahi kuisikia, inasafisha damu. Mimi nililipeleka shuleni kwa fahari kubwa, kwa sababu darasani kwetu hakuna aliyekuwa na mama anayetibiwa kwa neno refu namna ile. Na uani, tukiruka kamba, tukalifanya wimbo. Pa-li-a-ti-vu! Kila silabi mruko mmoja, na anayekanyaga kamba anatoka.

Siku moja mama mdogo alitoka chumbani mbio, kofi limeshanyanyuliwa, akatukemea tunyamaze. Kisha tukasikia sauti ya mama dirishani, dhaifu lakini kavu vilevile kama zamani: "Waache, Rukia. Waache wacheze." Tukaendelea kuruka.

Hospitali haikumpa baba dawa yoyote yenye jina lile, na chupa ya kwenye kistuli mama alikuwa amemwambia ni ya maumivu tu. Basi baba akaamua kuitafuta mwenyewe. Kariakoo, alisema, hakuna kisichouzwa. Alifunga meza mapema, akanishika mkono, tukaingia mitaa ya maduka ya dawa, tukipishana na wachukuzi waliokuwa wakipiga kelele "Pisha! Pisha!" huku mikokoteni yao ikisaga lami nyuma ya visigino vyetu.

Duka la kwanza kijana aliuliza kama ni vidonge au sindano. Baba hakujua. "Imeisha," kijana akasema, macho kwenye simu. Neno hilo lilimfurahisha baba kupita kiasi, kwa maana kitu kilichoisha ni kitu kilichokuwepo. Duka la pili walituuzia chupa ya vitamini, wakasema ni ndugu yake. Tuliulizia kwingine na kwingine, jua likituunguza visogo, baba akilitamka neno lile kila mara kwa ujasiri zaidi, kama jina la mtu mnayefahamiana.

Mwishowe tuliingia duka dogo upande wa Mchafukoge. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mwenye ushungi wa kijivu na miwani. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Baba akamwambia anachotafuta. Yule mama hakusema imeisha. Aliuliza, "Anayeumwa nani?"

"Mama yake huyu."

Akanitazama. Kisha akanipa pipi ya kijiti, akaniambia nikakae kwenye ngazi ya nje, nihesabu bajaji za bluu. Sikuhesabu. Niligeuka nikachungulia kupitia kioo. Yule mama alikuwa ametoka nyuma ya meza yake, amesimama mbele ya baba, anazungumza kwa sauti ambayo haikutoka nje. Baba alikuwa akitingisha kichwa, kama mtu anayekataa bei. Halafu akaacha kutingisha. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, na yule mama akamwekea mkono begani, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke wa mbali akilifanya kwa baba yangu.

Alipotoka aliniuliza kama pipi ni tamu. Tulipokaribia nyumbani akachuchumaa, akanifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Mwaju, tukifika, tuseme imeisha. Tuseme mzigo unakuja."

"Unakuja lini?"

"Tuseme tu unakuja."

Tukasema hivyo. Mama alitusikiliza, akashukuru. Kesho yake baba alifunga meza tena, akanichukua tena, lakini hatukuingia duka lolote. Tulizunguka mtaa mmoja hadi mwingine, tukakaa kwenye kibaraza cha duka la nguo lililofungwa, akaninunulia maji ya matunda, tukarudi. Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila alasiri. Na kila tulipoingia, mama aliuliza kwa upole, "Imepatikana?" na baba alijibu meli bado, au imefika lakini bado haijashusha.

Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Vitone vya dawa ya kwenye kistuli alipewa kwa kijiko, akikunja uso kwa uchungu wake, halafu akapata utulivu kidogo, akaweza kuniuliza habari za shule. Alasiri ya mwisho niliyomsikia akiongea na baba, hakuuliza kama imepatikana. Alisema, "Usihangaike tena, Baba Mwaju. Kaa hapa." Baba akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliketi hadi kesho yake asubuhi, mama alipokata roho huku nje wachukuzi wakiendelea kuomba njia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alizikwa siku hiyohiyo. Mama Pendo alinibeba mgongoni, mimi msichana wa miaka kumi, miguu yangu ikining'inia hadi magotini mwake.

Nilikuja kukutana na lile neno tena nikiwa sekondari, kwenye kamusi nene ya maktaba. Palliative. Kinachopunguza maumivu bila kuuondoa ugonjwa. Chini yake kwa herufi ndogo walieleza asili: limetokana na neno la Kilatini la joho, vazi la kujifunika, na hapo zamani kitenzi chake kilikuwa kufunika, kusetiri. Siku hizi wataalamu wetu wanasema tiba shufaa, na shufaa kwetu ni kumwombea mtu, kumsimamia mbele ya aliye mkubwa. Ni maneno mazuri yote mawili. Lakini siku ile ya kamusi sikuona uzuri. Niliona korido yetu, na kamba, na watoto wanaruka juu ya kifo cha mama yangu wakikiimba silabi moja moja.

Miaka ikapita. Nilipoolewa, mama mdogo Rukia alikuja kunisinga, na katika yale mazungumzo ya wanawake wawili waliofungiwa chumbani, akaniambia. Siku ile hospitalini daktari alilisema neno akaondoka, lakini mama alimvuta muuguzi mkono akataka lielezwe kwa Kiswahili, lote, bila kupunguzwa. Akaelezwa. Wakiwa bado ndani, akamwapisha mdogo wake: "Mume wangu usimwambie. Muache alisikie hivyohivyo kwa Kizungu."

Kwa hiyo mama alijua tangu kabla hajavuliwa viatu.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kabla ya kumpelekea baba. Alikuwa amekwisha zeeka, meza ya Mchikichini ameiacha, anaishi kwangu. Nilimwambia alasiri moja akinywa chai. Naye, bila kunitazama, ndipo aliponieleza kwa mara ya kwanza alichoambiwa na yule mama wa duka la dawa: kwamba hakuna dawa yenye jina hilo, kwamba ile chupa ya kwenye kistuli ndiyo yenyewe, na kwamba arudi nyumbani akakae na mkewe.

"Nami sikukaa," akasema. "Nilikuwa natembea na wewe mitaani. Niliona nikikaa atajua."

Akakiweka kikombe chini. Nilidhani analia, lakini alikuwa akifikiri, midomo ikicheza kama mtu anayerudia jambo ili alishike vizuri.

"Kwa hiyo hakuwa akiisubiri," akasema.

"Hapana, baba. Hakuwa akiisubiri."

"Maana miaka yote hii," akasema, "nilijua amekufa anaisubiri."

Mimi nilikuwa nimebeba huzuni ya mtoto aliyefiwa na mama, nikidhani nyumba yetu haikuwa na huzuni nyingine kubwa kuliko hiyo. Baba alikuwa ameishi na mwanamke anayeuliza kila alasiri kama imepatikana, na yeye anamdanganya kwa habari za meli. Akaniomba nimsimulie tena alivyosema Rukia, neno kwa neno. Nikamsimulia. Chai ilipoa, akaniomba tena.