Mama Thérèse Ngalula, Msusi Aliyeandika Yote

Alizaliwa Likasi, kule Katanga, tarehe 14 Septemba 1949, mtoto wa tano wa mfanyakazi wa machimbo ya shaba, na mama yake alikuwa anasema alitoka na nywele nyingi mpaka mkunga akacheka kabla ya kukata kitovu. Katika Kanisa letu kila aliyebatizwa anaitwa mtakatifu, hilo mnajua, hata yule anayesinzia kwenye mkutano wa sakramenti wa Jumapili. Lakini kuna watu jina hilo linawakaa kama nguo iliyopimwa, na Thérèse Ngalula alikuwa mmoja wao. Shule aliacha darasa la nne. Kusuka alifundishwa na shangazi yake, na vidole vyake vikawa na akili kuliko vichwa vya wengi wenye diploma.

Wamisionari walimkuta Lubumbashi mwaka 1991, mjane mwenye binti mmoja. Alisikiliza, akauliza maswali mpaka wale vijana wakaomba maji ya kunywa. Siku ya ubatizo nayo ikawa kazi. Kwetu lazima mtu azame mzima, hata unywele usibaki juu, na yeye alikuwa amejisuka rasta ndefu kwa ajili ya sherehe. Mara ya kwanza zikaelea. Wakarudia, zikaelea tena. Mara ya tatu dada mmoja aliingia majini na gauni lake, akazishika zote kwa mikono miwili. Thérèse akatoka anacheka: "Wengine Mungu anawaosha mara moja. Mimi alinitazama vizuri, akasema huyu tumrudie."

Mwaka 1999 akafika Johannesburg na binti yake, wakapata chumba Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwa vyumba tisa. Barazani akaweka viti viwili, cha kusukia na cha kungojea. Ilipofika 2009, kata yetu, yaani usharika wetu wa hapa, ikatafuta mtu wa kuandika historia yake, na wenye kalamu wote wakawa na shughuli. Akaitwa yeye. "Mwandiko wangu ni kuku anachakura," alisema, lakini wito hakuukataa. Akafanya hivi: anayesukwa anasimulia alivyolifikia Kanisa, na anayengoja zamu anaandika. Rasta huchukua saa tano, hata saa sita. Utakimbilia wapi na kichwa nusu? Watu walisimulia mpaka mambo ya utotoni, na madaftari yakafika kumi na moja.

Siku moja alikaa kitini Gogo Thandeka, maana huko bibi huitwa gogo, mama mzee wa Soweto mwenye kicheko kama ngoma. Yeye alianza mwaka 1966 kusafisha kanisa letu moja la wazungu. Miaka kumi na tano alipangusa mabenchi ambayo hakuruhusiwa kuyakalia, na nyimbo alizijua kwa kusikiliza akiwa jikoni. Maana kabla ya 1978 mtu mweusi hakupewa ukuhani katika Kanisa letu, wala hakuingia hekaluni kufanya maagano. Hiyo ni kweli, haina kona. Mwaka 1981 Gogo akaacha kazi hiyo, akabatizwa. Aliyekuwa anangoja zamu siku hiyo ni Shiko, Mkenya, mke wa Josiah anayefanya kazi benki na mama wa Wayne, akaandika kila neno.

Sasa twende 2019. Josiah ndiye askofu, maana kwetu askofu ni muumini wa kawaida anayeitwa kuongoza kata, na kata inatimiza miaka ishirini, wageni wanakuja, na Mama Thérèse atasoma historia. Mwezi huohuo Héritière, mjukuu wake wa pekee, mwanafunzi wa chuo, alisoma kwenye simu habari ya ule ukuhani uliozuiwa. Akamjia bibi yake, ambaye humwita Nkambo, barazani bila salamu.

"Nkambo, ulijua?"

"Nilijua tangu Lubumbashi. Niliuliza kabla sijaingia majini."

"Na ukaingia?"

"Mara tatu."

Msichana hakucheka. "Mbona hukuniambia?"

"Hapo nilikosa, mjukuu wangu. Ulikuwa mtoto, halafu ukakua nikiwa natazama pembeni."

Héritière akasema atakuja kwenye sherehe kwa heshima ya bibi yake tu. Kama hakuna atakayelitaja jambo hilo mbele ya watu wote, hatarudi tena kanisani.

Siku chache baadaye askofu, mtu mwema kabisa, alikuja na daftari mkononi. "Mama, huu ukurasa wa Gogo tuuache. Siku ya furaha tusiwaumize wageni."

"Askofu, ni siku ya furaha yake pia."

"Lakini nani aliandika hivi, bila hata kupunguza kidogo?"

Shiko alikuwa kitini, kichwa nusu. "Tazama mwandiko, Baba Wayne. Barua zangu za uchumba mbona ulizisoma vizuri tu?"

Askofu akamwachia Mama daftari, akaondoka. Akafunga siku nzima, hakula wala kunywa, akarudi Jumamosi. "Mama, soma yote. Mimi nitakaa mbele."

Kesho yake, Jumapili ya sherehe, Mama Thérèse akasimama, akasoma silabi kwa silabi. Alipofika kwenye ukurasa wa Gogo akausoma mpaka mahali pa ukuhani uliozuiwa, kisha akashusha daftari. Ndipo Héritière akainuka kutoka benchi la nyuma, akaja, akashika daftari, akamalizia maneno ya Gogo: "Jumapili yangu ya kwanza nilikaa mbele kabisa. Nikapitisha kidole chini ya benchi. Eish! Tangu niache kazi, hawa watu wa Mungu hawajui kupangusa vumbi!" Gogo mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, kisha askofu, kisha wote, na Héritière anacheka huku machozi yanamtiririka. Jumapili iliyofuata alirudi, na mpaka leo yupo, anafundisha vijana.

Miujiza? Murielle wa Diepsloot alipoteza nywele zote kwa ugonjwa. Mama Thérèse akampaka mafuta ya nazi, akamwombea, zikaota. Murielle anaapa ni maombi, daktari anasema ni dawa. Mama alisema wote wawili wako sahihi, akamsuka bure.

Alilala katika Bwana tarehe 6 Machi 2022. Héritière alimuuliza kitandani aandike nini juu yake. "Andika yote," alisema. "Na makosa. Usinipanguse."

Basi tumetii. Hasira yake ilikuwa karibu. Alikula mandazi ya wateja. Alivuta nywele mpaka mtu akatubu dhambi ambazo hajazifanya. Alichelewa kumwambia mjukuu wake jambo zito, na alipoulizwa hakujitetea. Sisi tuliobaki tumfuate hapo: mtoto akikuuliza jambo gumu, usigeuze shingo. Mwambie, kisha kaa naye.